Kadre Niliyoikwangua Mbele ya Watu

Mimi ni fundi baiskeli hapa Kalemie, na simwamini muuzaji yeyote. Juzi Mama Riziki alileta sokoni kadre ya kijani, yaani fremu ya baiskeli, eti mpya, ya India, imepitia Kigoma. Nikaigonga kwa kucha, nikanusa hata rangi.

"Mama, hii si ya India. Unadanganya watu."

"Papa Shukuru, hata mimi niliuziwa vile."

Watu wakajaa. Nikachukua msasa, nikakwangua. Vikatokea vitundu vilivyopangwa mstari, kama vya bomba la kitanda.

"Munaona?" nikapiga kelele. "Hii njo kitanda! Muntu gani mwizi anachomelea watu baiskeli ya kitanda?"

Nikazidi kukwangua. Chini ya kijani ikatokea nyekundu, chini ya nyekundu ikatokea buluu, nikaacha kukwangua. Buluu ile niliilalia miaka tisa. Mwaka jana nilikata kitanda chetu cha chuma, nikachomelea kadre, nikaipaka nyekundu, nikamwambia mteja wa Nyunzu ni ya India.

Mke wangu, anayeuza samaki wadogo wa ndagala meza ya pili kutoka pale, alikuwa ameshasogea. Akaishika ile buluu kwa kidole.

"Papa Shukuru, kitanda yetu si ulisema iliibiwa?"