Kishungi cha Katani

Juzi nilikuwa dukani Voi nikitafuta kitu cha kuzibia kiungio cha bomba, na muuzaji akaniuliza, "Madam, nikupatie tepu ama katani?" Kando yake palikuwa na mkebe wazi wa rangi ya mafuta. Ile harufu ilinifikisha Makwasinyi bila nauli.

Nilikuwa msichana mdogo mama alipopata kazi Voi, akaniacha huko Makwasinyi kwa nyanya, aliyeshinda akisuka vikapu vya mkonge. Nilinuna, nawaambieni ukweli. Nguo zangu nilikataa zitolewe kwenye begi, na usiku nilimkumbatia mwanasesere niliyeshonewa na mama kwa soksi kuukuu, nywele zake za katani.

Nyanya naye alikuwa na vita vyake. Maji ya mlimani yalikuja kwa zamu, na tangi letu lilivuja pale bomba la chuma lilipoingia kwenye koki. Kabla ya zamu nyingine tulikuwa tukikwangua tope chini ya tangi. Mjomba Mwakio alizungusha tepu nyeupe, akajipangusa mikono kama daktari. Kufikia jioni, to, to, to.

"Haya meno ya bomba yanayoshika koki yamelika, Mama," akasema. "Tepu haishiki."

"Basi tia katani na rangi." Kisha nyanya akanigeukia. "Wakesho, nipatie nywele za mtoto wako. Kidogo tu."

Nililia. Hakuninyang'anya, aliketi kando yangu akangoja mpaka nikakata kishungi mwenyewe. Akanishika mkono, tukakizungusha kuelekea upande ambao koki hukazwa, kikalala ndani ya meno, tukakipaka rangi nyekundu ambayo nyingine iliishia puani kwangu. Mjomba akakaza kwa spana. Katani ikinywa maji huvimba, nyanya akanieleza, ikaziba pengo yenyewe.

Asubuhi nilikimbia kupapasa. Pakavu! Tangu siku hiyo kila mgeni aliyepewa maji aliambiwa yameshikwa na nywele za mtoto wa Wakesho, nami nikatembea kifua mbele. Begi sijui lilifunguliwa lini.

Nilimwambia muuzaji anipe katani. Alipokuwa akiifunga kwenye gazeti ndipo jambo moja liliponijia, baada ya miaka yote hiyo. Nyumba ya msuka vikapu! Katani ilijaa hadi chini ya kitanda nilicholalia. Nyanya hakuhitaji unywele hata mmoja wa mwanasesere wangu. Alitaka tu pale nyumbani pawe na kitu changu. Nikampenda upya, pale pale kaunta, machozi yakinitiririka. Muuzaji alidhani ni harufu ya rangi.