Njiti za Gurudumu la Nyuma

Leo fundi baiskeli wa hapa Ntinda ameniharibia siku, na wala hajui. Nilimpelekea baiskeli ya baba kwa sababu matairi yamelala. Akaipindua, akapitisha kidole kwenye njiti za gurudumu: ti, ti, ting. "Dada, hii imepumzika sana. Mwenyewe yuko wapi?" Nikamjibu, "Yuko safari," nikaondoka upesi kabla hajauliza safari gani. Tangu hapo nakaa, nasimama, nakaa tena. Ni wewe tu, rafiki yangu wa kurasa hizi, unayenivumilia.

Ile sauti imenirudisha Nsambya, kwenye nyumba za polisi, nilipokuwa mtoto mdogo. Unajua nyumba zile: ukuta mmoja kwa familia mbili, ukikaanga kitunguu jirani anapiga chafya. Asubuhi madebe yanagongana bombani, na kila mama ana lugha ya kwao, lakini matusi ni ya Kiswahili. Mchana bibi yangu anasaga simsim juu ya jiwe, harufu inafika mpaka barabarani. Kitu kimoja tu kilitunyamazisha wote: gari likipunguza mwendo. Bibi alikuwa anasimamisha mkono juu ya jiwe. Gari likipita, anasaga tena, kwa hasira, kama simsim ndiyo iliyomkosea.

Siku moja gari halikupita. Lilimchukua mume wa mama jirani, askari mpole aliyependa kupiga mluzi, na chai yake ikabaki mezani. Hakurudi. Mwili nao haukurudi. Kuuliza ilikuwa kumfuata, kwa hiyo sisi watoto tulifundishwa kusema, "Yuko safari." Mama jirani hakusema hata hilo. Aliacha kusema kabisa. Alikaa mlangoni akiipangusa vumbi baiskeli ya mumewe, kila siku, na maziwa yakamkauka. Mtoto wake mchanga alilia mpaka sauti ikawa kama ya paka. Bibi alimpa uji mwepesi wa wimbi, akaninong'oneza, "Huyu atatufia, bambi, maskini. Mama yake hajalia."

Kwetu kaskazini mtu hasindikizwi kimya. Matanga yanachezwa. Wanawake wanashika vibuyu vilivyokatwa nusu, wanavipiga kwa njiti za baiskeli, na mlio ule ndio unaofungua kifua cha mfiwa. Lakini utamchezaje mtu ambaye serikali haijasema amekufa? Bibi akapata hila: watoto wanafanya mazoezi ya ngoma ya sherehe ya shule. Na mimi, niliyekuwa natetemeka hata kuitikia jina langu darasani, nikawekwa mstari wa mbele, kama pazia.

Tulianza alasiri, mbele ya mlango wa mama jirani. Ikawa aibu tupu. Njiti hazikuwepo, baiskeli nyingine zote kambini zilikuwa za serikali, nani angethubutu? Wanawake walipiga kwa vijiti vya kuni.

"Hii ngoma, au mnatwanga mihogo?" akacheka mama mmoja.

Bibi hakucheka. Akatazama ile baiskeli ukutani, na wote tukaona anachotazama. Kuing'oa njiti ni kusema mwenyewe hataipanda tena. Akachukua koleo, akachuchumaa mbele ya gurudumu la mbele, akaanza kuvuta. Niliogopa mama jirani atamrukia. Aliinuka kweli. Akamkabidhi mwanamke wa karibu mtoto wake, akaja, akasimama juu ya bibi.

"Mama, unaharibu," akasema. Sauti ilikuwa imeota kutu. "Anza na la nyuma. Za nyuma ngumu, zinalia vizuri."

Akamnyang'anya koleo. Akazitoa mwenyewe, moja moja, akimgawia kila mwanamke ya kwake, na ya mwisho akabaki nayo.

Hapo ndipo ngoma ikawa ngoma. Askari wa zamu akaja mbio. "Nyinyi! Kelele gani hii?"

"Watoto wa shule, afande," bibi akasema bila kuacha kupiga.

Alitutazama sisi wa mbele tukirukaruka, akatazama kina mama nyuma yetu, nyuso zimelowa, midomo inaimba. Alielewa, nadhani. "Kale, sawa. Msipite saa kumi na mbili," akasema, akageuka. Mama jirani alilia huku akicheza, kwa sauti, mpaka kanga ya kifuani ikalowa. Mimi nilidhani ni machozi. Bibi akasema, "Mpeni mtoto wake. Maziwa hayo."

Mtoto yule aliishi. Mama yake alimbeba akarudi kwao. Wale kina mama wametawanyika, wengine sijui hata kama wapo, na bibi tulimzika mwaka uliofuata. Nyumba ile sasa wanakaa watu ambao sijui nyimbo zao.

Na baba yangu ameenda ile safari tangu mvua zilizopita. Mama hasemi sana. Anaipangusa vumbi baiskeli, ananituma kwa fundi ijazwe upepo. Kesho nitaenda kuichukua. Nyumbani kuna koleo, na kibuyu cha bibi kipo juu ya kabati. Ila gurudumu la nyuma lina njiti nyingi, rafiki yangu, na wa kuzing'oa tuko wawili tu, mimi na mama.