Gari la Kimo cha Everline

Isiolo watu hawashushi magari, wanayapandisha. Mwenye gari ambalo njia yake inafika Garbatulla, au inaacha lami hata kidogo tu, huweka springi nzito na vipande vya chuma juu ya shokabzoba, kisha hujivuna gari likisimama juu kama ngamia anayenusa mvua. Kwa hiyo siku Lokuruka alipotokeza barabara kuu na kigari chake cha kijivu kimechuchumaa, tumbo karibu liguse lami, vijana wa bodaboda hawakuuliza kwanza. Walicheka kwanza.

"Buda, ngoma imeshuka!"

"Mzee, spika unafunga lini?"

"Na nywele je? Utapaka rangi?"

Lokuruka akapandisha kioo. Alikuwa amepita miaka sitini. Tangu ndevu zake zikiwa nyeusi aliendesha lori la maji, na katika miaka ya ukame kulikuwa na maboma yaliyosikiliza injini yake usiku kucha kama watu wanavyosikiliza radi. Barabarani hakuwahi kuchekwa na mtu. Damu ilimpanda hadi masikioni.

Kando yake, mkewe Everline alikuwa anacheka pamoja na wale vijana.

"Wajibu basi, Baba Lobokat. Waambie unatafuta bibi mdogo."

Angewaambia nini? Angesimamisha gari awahadithie?

Everline alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Alinunua Garbatulla, akaja nao mjini juu ya lori, ameketi kwenye vyuma huku miguu ikining'inia juu ya migongo ya mbuzi. Siku moja lori lililala ubavu kwenye laga, ule mto wa mchanga usio na maji. Mbuzi wengi waliinuka wakaenda zao. Everline hakuinuka, na miguu yake haikuinuka tena. Alipotoka hospitalini, watu wa kanisa walisema atulie sasa nyumbani kwao Bulla Pesa, Mungu atamtunza. Akawaambia Mungu ana kazi nyingi. Akafungua kibanda kando ya lami kule Ngaremara, akawa anauzia wafugaji sukari, majani ya chai, tumbako na kamba za mbuzi. Kila asubuhi mumewe alimpeleka, na kila jioni alimrudisha.

Shida ilikuwa kuingia garini. Lokuruka alimbeba mpaka mgongo ukakataa. Baada ya hapo ikabidi waite wanaume wa plotini. Walikuja kwa moyo, na hilo ndilo lililoumiza zaidi, kwa sababu mtu hawezi kumgombeza anayemsaidia. Mmoja alishika kwapa hili, mwingine lile, wa tatu miguu. Gauni lilipanda, kiatu kilidondoka, na Everline alitazama angani kama mtu anayengojea ndege ipite. Asubuhi moja, walipomtua kitini, mmoja alijipangusa mikono akasema, "Mama anakula vizuri, eh?" Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Jioni, wakati wa kurudi, Everline alisema, macho yakiwa nje ya dirisha:

"Kesho niache nyumbani."

Kesho yake Lokuruka alisimama uani akitazama kiti cha magurudumu, kisha kiti cha gari. Tofauti ya vimo vyao haikuzidi shubiri. Shubiri moja tu, na mkewe alikuwa anainuliwa kama gunia kwa sababu ya shubiri hiyo! Akaenda kwa Elmi, muuza tairi na vipuri vikuukuu, akataka springi fupi.

"Mzee, nyumbani ni salama?" Elmi akauliza.

"Funga springi, Elmi."

Zikafungwa. Viti viwili vikawa sawa. Lokuruka akachonga ubao laini, akausugua kwa nta, akaulaza kati ya kiti na kiti. Everline akaweka viganja ubaoni, akajisogeza mara mbili, mara ya tatu akawa ndani. Akajivutia miguu yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kisha akabamiza mlango. Nusu ya Bulla Pesa ilisikia. Lokuruka alibaki amesimama na ubao mkononi, asijue auweke wapi.

Basi watu wakacheka kwa sababu ya hilo, na hata katekista alihubiri juu ya wazee wanaoshindana na vijana. Kicheko angekivumilia. Lakini gari nalo likaanza vituko.

Kwanza tairi kubwa za zamani zilisugua fenda kila walipopita tuta, ndani kukanuka mpira ulioungua. Elmi akabadilisha, akaweka nyembamba zenye kukaa vizuri chini ya fenda. Usuguaji ukaisha. Kisha usukani ukaanza kuvuta kushoto, kidogo kidogo, kama mtoto anayevuta shati la babake. Lokuruka alijua maana yake. Gari likishuka, magurudumu huinamiana ndani kwa juu, na ncha zake za mbele huachana. Akalipeleka kwa Gichunge, mwenye mashine ya alaimenti, ya kupima na kunyoosha magurudumu, kwenye barabara ya Meru.

Gichunge alilizunguka gari. "Mzee, umri huu?"

"Pima."

"Sawa. Kila mtu atoke."

Everline akatolewa, akasogezwa mbali chini ya kibati cha kivuli. Gichunge akamgeukia Lokuruka. "Mama atakunywa soda?"

"Ana mdomo. Muulize yeye."

Gichunge akaguna, hakuuliza. Gari likapandishwa tupu kwenye ngazi ya chuma, boliti zikageuzwa, mistari kwenye kioo cha mashine ikawa kijani. Wakaenda. Baada ya muda usio mrefu usukani ukavuta tena, wakarudi, likapimwa tena tupu, mistari ikawa kijani tena. Mara hii Gichunge alinawa mikono kabla ya kusema.

"Mzee, nikuambie ukweli. Pandisha hii gari. Gari imekatwa miguu haiwezi kukaa sawa barabarani."

Alisema hivyo Everline akiwa hatua chache tu kutoka pale. Kisha akasikia alichosema, akageukia mashine yake. Lokuruka alimsukuma mkewe hadi garini bila kuaga. Njiani alishika usukani kana kwamba alikuwa amekamata koo la mtu.

Aliyeona chanzo ni Everline. Walikuwa Ngaremara asubuhi moja, yeye ameshateremka kwenye kiti chake, na Lokuruka alikuwa anakata usukani hadi mwisho ili aegeshe kibandani.

"Simama hapo hapo!"

Macho ya Everline, kutoka pale alipoketi, yalikuwa usawa wa gurudumu la kushoto lililogeuka. Kwa nje tairi lilikuwa zima, meno yote yapo, lingemdanganya askari yeyote. Lakini ukingo wa ndani, ule ambao mtu aliyesimama haoni mpaka alale chini, ulikuwa umelika hadi waya zinang'aa. Lokuruka alipiga magoti akapapasa. Waya ikamchoma kidole. La kulia nalo lilikuwa limelika, ila si kama hili.

"Upande wangu ndio umekwisha," Everline akasema.

Lokuruka aliketi mavumbini. Alifikiria tairi hili likipasuka barabarani, mkewe akiwa ndani na miguu isiyoweza kuruka. "Kesho narudisha springi za zamani," akasema.

"Na mimi?"

Wote wawili walijua ni wanaume gani wangeitwa.

Everline aliendelea kulitazama gurudumu. "Huyo Gichunge alipima gari ya nani?"

"Si ni yetu."

"Akipima, mimi nilikuwa wapi?"

"Kwa kivuli."

"Na kiti changu? Na sukari yangu?"

Lokuruka akamtazama.

"Mimi si mwembamba, Baba Lobokat. Ukinitoa mimi na kiti na magunia, hiyo ni gari ingine. Apime hii."

Walifungiwa tairi lingine kwa Elmi, wakaenda barabara ya Meru polepole, kiti cha magurudumu nyuma pamoja na magunia mawili ya sukari. Gichunge aliwaona akashusha mabega.

"Kila mtu atoke."

"Hatoki mtu," Lokuruka akasema.

"Mzee, mashine inapima gari tupu. Ndivyo tulifundishwa."

"Gari tupu linaenda wapi?" Sauti ya Lokuruka ilipanda mpaka mafundi wa jirani wakatoka. "Niambie! Umewahi kuona gari tupu likienda Ngaremara? Mnamtoa mwenye gari, mnamweka kando kama ndoo, mnapima chuma, kisha mnasema chuma kina makosa! Hii gari nimeishusha kwa sababu yake. Nyinyi mnacheka, mnasema mzee amerukwa na akili. Hakuna hata mmoja ameuliza kwa nini. Hata mmoja!"

Gichunge aliutazama ubao uliopakwa nta, akatazama kiti cha magurudumu, akavua kofia.

"Lakini Mama kukaa juu ya hiyo ngazi, akianguka..."

"Mimi nilianguka na lori mzima, mbuzi juu yangu," Everline akasema kutoka dirishani. "Hiyo ngazi yako ni nini? Pandisha."

Gari likapanda, mume na mke ndani, mikanda imefungwa kama wanaosafiri. Mistari ikawaka myekundu, wa kushoto ukiwa mbaya zaidi. Gichunge aliitazama kwa muda mrefu, akapiga mluzi bila sauti. Alikwenda dukani akarudi na boliti za kuvutia gurudumu nje kwa juu, akafunga, akapima, akafungua, akafunga tena. Kisha akazunguka. Hakuja upande wa Lokuruka.

"Mama, haijafika mia kwa mia. Kushoto kumebaki kidogo. Lakini haitakula tairi vile tena. Muwe mnaangalia ndani, sio nje."

"Nitaangalia mimi," Everline akasema. "Huyu haoni chini. Na soda ile sijapewa bado."

Ikaletwa.

Walipopita kwa bodaboda, kicheko kilikuwa kinawangoja. "Mzee, ngoma bado iko chini!" Lokuruka akakanyaga breki. Angeshuka, angetoa kiti na ubao, angewaonyesha wote.

"Endesha," Everline akasema. "Mimi sio sinema."

Akaendesha. Hasira haikumtoka, wala hakuona sababu imtoke. Usukani ulitulia mikononi mwake.

Walipofika Ngaremara, Lokuruka alisimama kando ya kibanda, akaweka ubao, akashika kiti kisisogee. Mkewe alishuka mwenyewe. Kisha Lokuruka akarudi garini, akakata usukani hadi mwisho, akazima injini, akangoja. Everline alisogeza kiti mbele ya gurudumu la kushoto, akainama, akaingiza mkono ndani na kupapasa ukingo wote bila haraka.

"Nzima," akasema. "Kata upande ule mwingine."