Siku Niliyowatemesha Wakwe Biskuti za Simsim

Mimi ni binti wa Kimeu na Syokau, nilizaliwa Matinyani, upande wa Kitui, nikaolewa huku kwenye milima ya Mbooni nikiwa msichana ambaye bado anaogopa miteremko. Andika hayo kwanza, mjukuu wangu Mutheu, ili atakayesoma ajue kwamba aibu hii haikumpata mtu asiye na kwao. Mimi ninasema kwa Kikamba, nawe uandike kwa Kiswahili kilichonyooka, wala usinipambe na usinipunguzie, kwa maana tangu siku ile kila ninapopita sokoni wanawake huziba midomo kwa leso, na si kwa ajili ya vumbi.

Wewe unajua, lakini msomaji hajui, kwamba ghalani kwangu kuna vibuyu viwili vya simsim. Kimoja ni cha kula. Cha pili ni cha mbegu, na mbegu hiyo nimeichanganya na dawa ya unga ya kuzuia wadudu, na kwa sababu sikuingia darasani hata siku moja, ninakifunga shingoni kitambaa chekundu, na kitambaa hicho ndicho maandishi yangu. Chekundu maana yake usiguse. Kuku waliwahi kupekua mbegu za namna hiyo zilizomwagika, nikawakuta asubuhi miguu juu, macho wazi, na tangu hapo nikatangaza kwamba atakayegusa kitambaa changu ataondoka bomani na virago vyake. (Nilitangaza kwa sauti ambayo majirani waliokuwa ng'ambo ya bonde waliisikia, na hawakuwa hata na haja nayo.)

Sasa, dada yako Mwende alikuwa ameposwa na kijana anayeitwa Kyalo, wa watu wa Kiboko kule kwenye barabara kuu, na siku ya wakwe kuja kutazama nyumba yetu ikapangwa. Nikamwita mama yako, Ndinda, mke wa mwanangu Musyoka, nikamkumbusha mambo ya nthoni, yaani ile heshima yetu ya mama mkwe na mkwewe kutoonana uso kwa uso mpaka upande wa bwana harusi umletee mama huyo blanketi lake. Siku hizi watu wanasalimiana tu kanisani kama wanunuzi wa nyanya, lakini katika boma langu haiwi hivyo. Nikamwambia, "Ndinda, wageni wakiingia, wewe utakaa jikoni mlango umefungwa, na sitaki kuona hata ncha ya pua yako mpaka waondoke."

"Ndiyo, Mama," akajibu. Ndinda hunijibu hivyo kila mara, nami kwa miaka yote hiyo nikadhani ni adabu.

Jambo lililotuangusha lilikuwa dogo sana hata ninaona haya kulitaja. Katikati ya wiki ile nilichagua mbuzi wa kuwachinjia wageni, na kwa kuwa alifanana kabisa na yule mwenye mimba, nikataka kumwekea alama kabla hawajatoka kwenda malishoni. Nikatafuta kamba, sikuiona. Nikaingia ghalani, nikakifungua kile kitambaa chekundu shingoni mwa kibuyu cha mbegu (mimi mwenyewe, mwenye sheria), nikamfunga mbuzi, nikasema nitakirudisha jioni. Jioni ikaja na mambo yake. Sikukirudisha, na kufikia siku ya pili nilikuwa nimesahau kwamba kuna kitu cha kurudishwa.

Biskuti zenyewe zilikuwa wazo la Mwende. Alipokuwa akisoma Kitui mjini alikaa jirani na Bi Rukia, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, na huyo ndiye aliyemfundisha kupika biskuti za tahini, yaani simsim iliyokaangwa na kusagwa hadi ikawa laini kama uji mzito. Mwende akataka kununua tahini ya chupa. Nikakataa. Nikasema mtu aliyezaliwa Matinyani hawezi kununua simsim iliyosagwa na mashine isiyojua kuonja, nami nitaisaga kwa mkono wangu juu ya jiwe la mama yangu. Nikapaza sauti, "Ndinda! Niletee kibuyu cha simsim kisicho na kitambaa!" Akakileta, akakiweka, akarudi kwenye kuni zake. Mimi macho yangu yana ukungu, sikutazama mara mbili.

Nilikaanga simsim ile hadi ikaanza kurukaruka, nikaisaga hadi mafuta yakatoka yenyewe, nikatia asali niliyoletewa na kaka yangu kutoka Kitui, Mwende akaongeza unga, siagi na chumvi kidogo, tukafinyanga vidonge na kuvibana kwa uma. Hatuna oveni. Tulitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, tukaweka sahani juu ya mchanga, tukafunika, na juu ya mfuniko tukapanga makaa. Harufu iliyotoka humo, Mutheu, ilimfanya hata baba yako aache kunoa kisu na kuja kusimama mlangoni kama mtoto. Nikalamba kijiko, nikalamba na kidole. Kumbuka kwamba nililamba kidole, kwa maana kidole hicho kilinitesa baadaye.

Wakwe wakafika, wakiongozwa na Mzee Nzioka, mjomba wake Kyalo, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu wa suti hata katika jua. Walisalimu vizuri, wakaketi uwanjani, wakanawa mikono. Mimi mwenyewe nikapeleka chai na biskuti. Mzee Nzioka akauma moja, akafumba macho.

"Mama, hii imepikwa hapa hapa, au mmeagiza Nairobi?"

"Imepikwa kwenye mchanga," nikasema, na nikajiona mrefu kuliko mlima.

"Kyalo, kijana, kula polepole," Mzee akamtania, "hujapewa mke bado, tayari unamaliza mali yao."

"Mjomba, wewe umekula ya ngapi hiyo?" Kyalo akamjibu, na watu wote wakacheka, nami pia nikacheka, na hicho ndicho kicheko changu cha mwisho siku hiyo.

Kwa maana ndipo Musyoka alipomleta yule mbuzi mbele ya wageni ili wamwone kabla hajachinjwa, na shingoni mwa mbuzi, jekundu kama jicho la mgonjwa, lilining'inia lile tambara langu.

Nililitazama kwanza kwa furaha, kama unavyomtazama mtu unayemjua. Kisha nikakumbuka nilikolitoa. Kama kitambaa kiko hapa, nikajiuliza, basi kule ghalani vibuyu vyote viwili vilikuwa uchi, na Ndinda nilimwagiza kisicho na kitambaa, naye hakuwa na njia ya kujua kipi ni kipi, basi aliniletea kipi? Nikawaona kuku wangu, miguu juu. Nikamtazama Mzee Nzioka akichukua biskuti nyingine. Nikamtazama Mwende, aliyekuwa amesimama nyuma ya mchumba wake na kipande mkononi, akitafuna huku akitabasamu, mjukuu wangu wa kwanza, niliyempokea mimi mwenyewe alipozaliwa kabla mkunga hajafika. Ulimi wangu ukaanza kufa ganzi upande ule niliolambia kidole.

"Temeni!" nikapiga ukelele. "Temeni vyote! Ni simsim ya mbegu! Ina dawa ya wadudu!"

Hakuna aliyetema. Walinitazama tu, kama watu wanaotazama maombi yaliyozidi. Mzee Nzioka alikuwa na kipande kizima shavuni, nami nikaona kwamba anataka kukimeza kwa heshima, kwa hiyo nikamrukia. Ndiyo, mimi, mwenye sheria za nthoni, nilimshika mkwe wangu taya kwa mkono wa kushoto na kuingiza vidole vya mkono wa kulia kinywani mwake, nikavuta, na kipande cha biskuti kikatoka, na meno yake ya juu yakatoka pamoja nacho, yote kwa safu moja, yakaanguka ndani ya kikombe cha chai. (Sikujua kwamba alikuwa na meno ya kuweka. Hata mkewe, nilisikia baadaye, alikuwa ameficha siri hiyo vizuri.)

Hapo sasa ndipo watu walipoamini. Mmoja akajishika tumbo, na wa pili alipomwona naye akajishika, Kyalo akaanza kutokwa na jasho, Mwende akaanguka magotini akinililia mimi bibi yake, "Susu, nitakufa kabla ya harusi?" Musyoka akaiacha kamba ya mbuzi, mbuzi akaruka ua na tambara lake. Nikaleta kibuyu cha maziwa yaliyoganda, yale tuliyoyaweka kwa ajili ya karamu, nikawanywesha kwa lazima mmoja baada ya mwingine, na suti ya Mzee Nzioka ikawa nyeupe kifuani.

Katika kelele hizo nikasikia kutoka jikoni, "Mama! Mama, si hiyo! Mama, nisikilize!"

Na mimi nikajibu nini? Hilo usilifute, Mutheu. Nikajibu, "Nyamaza humo ndani! Mkweo yuko uwanjani!"

Akanyamaza. Watu wanakufa mbele yangu, kwa kadiri nilivyojua, nami bado nilikuwa ninalinda mlango.

Pikipiki za boda boda zikaitwa. Nikampandisha Mzee Nzioka ya kwanza, nikakaa nyuma yake nikimshikilia kiunoni asianguke, meno yake nimeyafunga katika pindo la leso yangu. Kyalo na Mwende wakafuata kwa nyingine, na waliobaki wakashuka kwa miguu wakilia kama msafara wa mazishi. Njia ya kwenda zahanati inazunguka mlima wote, wewe unaijua, na katika kila kona nilimwomba Mungu anichukue mimi kwanza, kwa kuwa nimekula miaka yangu, na kama hilo ni gumu basi amwache Mwende peke yake. Mzee Nzioka aligeuza kichwa akaniambia jambo, lakini bila meno sikulielewa, nikadhani ananipa wosia, nikalia juu ya mgongo wake.

Tulipofika kona ya chini, pale njia ya mkato inapotokea kwenye mahindi, mwanamke akaruka barabarani mbele yetu, mikono imenyooshwa, kichwa hakina kilemba, magoti yametapakaa udongo mwekundu. Dereva akapiga breki. Alikuwa Ndinda. Alikuwa ameteremka mlima wote kwa ule mkato ambao hata mbuzi wanaufikiria kwanza, na kwapani alikuwa na kibuyu, na shingoni mwa kibuyu palikuwa na kitambaa chekundu ambacho sikukijua.

"Mama, hiki ndicho cha mbegu," akasema akihema. "Niliona kitambaa chako hakipo. Nikakijua kibuyu kwa ile dawa nyeupe mdomoni. Nikararua kilemba changu nikakifunga siku ileile. Ile uliyopika ilikuwa ya kula, Mama, kweli tupu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akatazama chini. "Ulisema atakayegusa kitambaa ataondoka. Nilidhani utasema ni mimi niliyekitoa. Nilikuogopa, Mama."

Alisema hivyo mbele ya mkwewe, uso kwa uso, bila kilemba, blanketi halijaletwa, na kisha akatoa biskuti mfukoni mwa aproni yake, akaitafuna mbele yetu sote hadi ikaisha, machozi yakimtiririka. Ulimi wangu ukapata nguvu papo hapo. Nikashuka kwenye pikipiki, nikakosa pa kuweka mikono. Tangu nilipomwona yule mbuzi nilikuwa nimeogopa dawa, kumbe katika boma langu watu walikuwa na kitu kingine cha kuogopa, na kitu hicho kilikuwa kimeketi nyuma ya Mzee Nzioka na meno ya watu katika leso.

Mzee Nzioka akanyoosha kiganja. Nikafungua pindo, nikampa meno yake, akayafuta, akayaweka, akajaribu taya. Sote tukasubiri aseme kwamba ndoa imekufa.

"Nilikuwa ninakuambia njiani, Mama," akasema polepole, "unibane taratibu, mbavu zangu ni za uzee." Kisha akamgeukia Ndinda, akavua kofia. "Na wewe, mama wa binti, blanketi lako litakuja kabla ya mwezi kuisha, kwa maana mtu aliyeshuka mlima huu kwa ajili yetu hatuwezi kumfungia jikoni tena. Je, biskuti zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki. Tulirudi tukazila, kwa kuwa nyama haikuwapo. Mbuzi alirejea jioni kwa hiari yake, amevaa tambara langu, akiwa mnene na mzima kuliko sisi sote.

Sasa nisikilize vizuri, Mutheu, kwa maana nimechoka kusema. Hifadhi jiwe la kusagia la mama yangu, na usimruhusu mtu kulifanya la kuzuilia mlango. Hifadhi mbegu ya simsim kila msimu hata mvua ikikataa, na shingoni mwa kibuyu chake ufunge kipande cha kilemba cha mama yako, si tambara langu; langu limekaa kwa mbuzi, likae huko. Hifadhi pia namna ya kupika kwenye mchanga. Ile amri yangu ya kuondoka na virago usiihifadhi. Na unapomaliza kuandika, usinisomee mimi kwanza. Nenda jikoni, mlango uko wazi, umsomee mama yako, na akisema kuna mahali nimedanganya, ufute uandike kama atakavyosema yeye.