Mpiganaji Asiyehitaji Mtu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile mdogo wangu Muhindo alipopindua ubao wa mchezo, dadu zikaruka huku na huko, akasimama akaenda mlangoni. Nilikuwa msichana wa umri wako. Tulikaa Kimemi, hapa hapa Butembo, na vita ilikuwa imeshakuwa jirani. Baba yetu alikuwa ameuawa barabara ya Beni alipokwenda kutafuta mafuta ya mawese, na tangu tumzike, Muhindo alikuwa na neno moja tu mdomoni: kwenda msituni kwa wenye bunduki, amlipizie baba kisasi. Alikuwa mvulana pekee nyumbani kwetu, amezaliwa baada ya sisi wasichana. Koko, mama yake baba, akaniita.

"Masika, mama yako anashinda mu shamba, na mie miguu imekwisha. Huyu mutoto umushike hapa nyumba. Akitoka, tutamuzika pia."

Nimshike na nini? Na kamba?

Nilimshika kwa mchezo. Ndiyo, mchezo kama huu wako ulioniletea, na karatasi zako zote. Cheka tu! Mnadhani ninyi ndio mlioanza kuua majitu kwa dadu? Binamu yetu Kambale aliujulia Kisangani, alikokuwa akisoma kabla vita haijamrudisha nyumbani mikono mitupu. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, na jambo likiwa gumu mnarusha dadu. Kitabu hatukuwa nacho, donc, yaani basi, sheria nilizitunga mimi msimulizi. Nikajenga ufalme kule juu Ruwenzori, ndani ya theluji, nikaujaza majitu yanayokula watu. Kisha nikawagawia kazi zao. Muhindo akawa Mpiganaji: panga lake halina mpinzani, ila akijeruhiwa hajui hata kufunga kitambaa. Kahambu, msichana wa jirani, akawa Mganga: anaponya, lakini silaha hagusi. Kambale akawa Mchuuzi, mwoga kama kuku, lakini ana lugha zote za dunia, hakuna kizuizi cha barabarani asichokipita kwa maneno. Kila mmoja nilimpa nguvu na pengo, na pengo la mmoja linazibwa na mwenzake. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu.

Na ulichezeka, mwanangu! Risasi zinalia upande wa juu wa mji, maduka yamefungwa, sisi tumekaa tunagombana kuhusu jitu lenye vichwa viwili. Muhindo alicheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka, na Koko aliyekuwa akichambua maharage pembeni aliinama ili tusimwone machozi.

Sasa, ile siku. Walifika kwenye daraja lenye mlinzi, na mlinzi yule nilimtunga apitwe kwa maneno tu. Ilikuwa zamu ya Kambale. Muhindo hakungoja. Akachomoa panga lake, akarusha dadu, dadu zikamkataa, Mpiganaji wake akaanguka. Ndipo alipopindua ubao.

"Hata hapa tu nashindwa!" akapiga kelele. "Bule kabisa! Kule musituni basingenicheka!"

Tukamshika mlangoni watatu, Kambale kiunoni, Kahambu mkononi, mimi nalia. Akarudi, akakaa. Lakini mimi niliendelea kuutazama ule mlango. Nikajiambia, huyu akishindwa tena ataondoka. Basi asishindwe.

Kesho yake nikampa Mpiganaji dadu ya ziada. Ikaonekana haitoshi, nikampa ngao inayofunga vidonda yenyewe. Halafu nikampa sauti ya kutisha, akinguruma tu walinzi wanakimbia. Muhindo alifurahi sana, akawa anakuja mezani wa kwanza. Nikajiona nina akili. Sikuona kwamba kila zawadi niliyompa nilikuwa nimeinyofoa kwa mtu mwingine.

Kahambu alikaa, akakaa, hakuna kidonda cha kuponya. Siku moja akaniuliza taratibu, kama anavyoulizwa dada mkubwa, "Yaya Masika, donc mie niko hapa ya nini?" Nikamwambia avumilie, majitu makubwa yako mbele. Hakurudi tena. Kambale naye alianza kuchelewa, kisha akapata kazi ya kakao kwa mjomba wake kule Beni, akaaga, akaenda. Tukabaki wawili, Muhindo anaua na mimi nahesabu maiti.

Koko akaacha maharage yake.

"Masika, kuja hapa. Yule mutoto wa jirani, juu ya nini hakuji tena?"

"Ako na kazi kwabo, Koko."

"Hapana! Wewe ndiye ulimunyanganya kazi yake. Huyu ndugu yako umemupa mukono, umemupa dawa, umemupa na kinywa. Sasa anahitaji nani? Na mutu mwenye hahitaji mutu, nani atamurudisha?"

Nilitaka kutengeneza. Niliichukua ile ngao, nikarudisha na pengo lake, nikamwambia Muhindo twende tumwombe Kahambu arudi. Akanitazama kama mwizi.

"Unaninyanganya? Wa nini Kahambu? Niko natosha peke yangu."

Ukishampa mtu yote, mwanangu, haki yako ukiidai anaiona ni wizi. Wiki hiyo hiyo, mchana kweupe, akasimama tena akaenda mlangoni. Nikamkamata shati. Nilikuwa mmoja. Akanisukuma taratibu tu, hata hakuniumiza, akaenda.

Habari tuliletewa na kijana aliyekuwa naye huko msituni. Walivamia kituo cha askari njia ya Beni, wenzake wakaambiana wangojane kwenye mto. Muhindo hakungoja. Aliingia mbele peke yake, na wenzake walipofika alikuwa amekwisha kuishiwa damu, na hakukuwa na mtu karibu wa kumfunga hata kitambaa.

Kwenye kilio nilimwambia Koko, ni mimi nilimuua. Akanishika uso kwa mikono miwili. "Hapana. Vita ndiyo ilimuua. Lakini siku ya kuenda kwake, hakukubaki mutu hapa wa kusaidia kumushika."

Basi nimetazama karatasi zako. Mpiganaji wako anapona mwenyewe, anaongea mwenyewe, anaruka mwenyewe, halafu unaniuliza kwa nini marafiki zako wanasinzia mezani. Mpunguze. Mtoboe mahali panapouma, halafu mpe mwenzake kiraka. Akinuna, mwache anune, kununa hakuui. Usimbembeleze mtu kwa kumpa kazi za wengine, si mezani, si nyumbani, si kanisani, wala siku utakapokuwa na watoto. Anayekupenda na akuhitaji, nawe umhitaji, na msione haya kuambiana.

Mungu akupe nguvu ya kutosha kazi yako, mwanangu, isizidi. Na pale alipokunyima, akupe mtu.