Kipimo cha Zulia la Sebuleni

Wewe sema ni uongo, mimi sitagombana nawe. Lakini siwezi kumtania mama yangu aliye kaburini, na haya yalitokea nyumbani kwangu Mkolani, mbele ya macho yangu haya.

Shida yangu ilikuwa zulia. Mume wangu alileta moja dogo mno, likakaa katikati ya sebule kama leso iliyoanguka. Nikalirudisha dukani. Nilitaka kubwa, makochi yalikanyage kwa miguu ya mbele, tena upesi, maana mama alikuwa amekuja kutoka Sengerema kutibiwa kifua na chumbani alikataa kulala. Alitaka godoro lake liwekwe sebuleni, amwone mjukuu wake Kabula akicheza. Sakafu yetu ya saruji ilikuwa na baridi.

Jioni moja akapita mwanamke anauza mazulia, kabeba moja begani. Nikamkaribisha apime. Hakuwa na futi, alikuwa na kamba ya katani. Na unadhani alipima ukuta hadi ukuta? Akapiga magoti, akainyoosha kamba kuanzia kichwani kwa mama. Mama akafumbua macho, akajikunja haraka, magoti yakagusa kidevu. Yule mwanamke akafunga fundo palepale.

"Dada, nataka upime sebule, si mgonjwa," nikamwambia.

"Nimeshapata," akasema, akatoka. Hakutaja bei wala kuuliza rangi.

Mama alikuwa anatetemeka. "Mwanangu, aliyelala hapimwi. Anayepimwa amelala ni maiti, anachimbiwa kaburi. Nimejikunja nimdanganye."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni homa.

Kesho yake jioni mwanamke akarudi, akatandika zulia jipya, akasimama mlangoni. Lilikuwa fupi. Kabula akalikimbilia, akajilaza chali kwa furaha. Niamini ninachokuambia: nywele zake zilifika ukingo mmoja, visigino ukingo wa pili. Halikuzidi hata kidole.

Hapo nikaelewa: kipimo cha mama aliyejikunja kilikuwa kimemwangukia mwanangu. Mama alikuwa ameelewa kabla yangu. Yeye asiyeweza kwenda chooni bila kushikwa aliinuka peke yake, akamvuta mtoto, akamsukumia kwangu.

"Huyu si wako," akamwambia mgeni. "Pima tena. Safari hii sijikunji."

Akalala juu ya lile zulia, akanyoosha miguu, ikapita ukingo. Nilipiga kelele, nikamshika. Akauondoa mkono wangu polepole. "Mshike mtoto, mama," akaniambia. Kamba ikapita juu yake. Nilipoinua kichwa, mlangoni hapakuwa na mtu.

Mama alikataa kurudi godoroni, na kabla ya alfajiri akafariki. Wanawake walipokuja kumwosha, zulia lilikuwa linamtosha, kichwa hadi nyayo. Mume wangu anasema ndivyo lilivyoletwa. Hakuwapo, atajuaje?

Kabula sasa yuko darasa la tatu. Analala amejikunja, nikimnyoosha anaamka analia. Sebule yetu ni saruji tupu, wageni wanadhani tumefilisika. Waache wadhani. Mama namshukuru, na bado namkasirikia.

Nawe basi, kabla hujamkaribisha mtu apime chumba chako, mwamshe kila aliyelala. Mgonjwa mkalishe, mtoto mbebe. Saruji ndiyo ipimwe peke yake.