Nokauti, Mtani wa Bingwa

Katika mtaa wa Chamboli, mjini Kitwe, hakuna aliyemwita Bi Esnati Shawa kwa jina lake isipokuwa padre, na padre naye husahau. Jina lake ni Nokauti. Alilipata kwenye msiba wa baba wa Kabaso Chitupa, yule bondia aliyerudi kutoka ng'ambo na mkanda wa ubingwa, picha yake ikatundikwa katika kila duka la kinyozi kuanzia Chingola hadi Ndola.

Siku hiyo bingwa alifika amevaa miwani ya jua. Watu wakampisha, wakamletea kiti chenye mto. Bi Esnati, ambaye ni Mngoni na kwa hiyo ni mtani wa kila Mbemba, aliye hai na aliyekufa, aliona kwamba mwana wa marehemu amekalia mto ilhali wazee wamekalia mchanga. Akatoka jikoni na mwiko wa kusongea nshima, akamchapa nao mgongoni. Kabaso aliruka, akakanyaga maji ya kuoshea vyombo, akaanguka chali. Mzee mmoja akahesabu hadi kumi bila haraka. Bingwa hakuinuka, kwa sababu alikuwa anacheka. Katika maisha yake yote ya ngumi hakuwahi kuangushwa na mtu mwingine. Jambo hilo halikuandikwa popote, lakini Chamboli wanalijua.

Wageni waliposikia kwamba muuza vitumbua wa sokoni anajuana na Kabaso Chitupa, walidhani ni majigambo. Bi Esnati hakujigamba. Akiulizwa, alijibu kwamba ndiyo, anamfahamu. Ni mtumwa wake, mla nyani kama Wabemba wote, na uvivu alizaliwa nao. Kabaso naye, kila alipokuja kumjulia hali mama yake, alisimamisha gari mbele ya meza ya vitumbua na kupaza sauti ili soko zima lisikie.

"We mla panya! Bado hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani, mla nyani? Mbona umenenepa? Huko Lusaka wanakupiga au wanakulisha?"

"Nipe vitumbua. Na visiwe na mikia."

"Vyenye mikia ndivyo nilivyokuwekea wewe. Haya, toa hilo gari, unanizibia wateja."

Alikula amesimama, akajifuta mafuta kwa kanga ya Bi Esnati bila ruhusa, akaenda zake. Hivyo ndivyo walivyopendana kwa miaka yote hiyo. Lakini siku moja, baada ya kuacha ngumi na mkono wake wa kulia kuanza kutetemeka, alikawia pale mezani.

"Nokauti," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "nikifa watakuja watu wa suti kunisifu. We njoo unitukane. Usiponitukana, watu wa kwetu watadhani nimezikwa kama mpita njia."

"Kufa kwanza," akamjibu. "Nafasi nitapata."

Kwa watu wawili wa namna yao, hiyo ilikuwa ahadi.

Kabaso akafa mwezi wa Agosti. Kamati ya mazishi ilitoka Lusaka, ikiongozwa na Bwana Habeenzu, mtu mpole na mwenye adabu, aliyetaka bingwa wa taifa azikwe kwa tarumbeta, hotuba na utulivu. Hasa utulivu. Bi Esnati alifika getini asubuhi akiwa amevaa kaptula ya michezo juu ya gauni, na mikononi ana glavu alizojishonea kwa gunia la mahindi, kama ilivyompasa mtani kumwiga marehemu. Mlinzi aliyeletwa na kamati akamsimamisha.

"Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

"Mwenye mali. Huyo alikuwa mtumwa wangu."

"Mama, hapa pana msiba."

"Msiba gani? Kuna Mbemba kalala, nimekuja kumwamsha."

Mlinzi akamwita Bwana Habeenzu. Yule bwana alimsikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Mama yangu, utani hata kwetu Monze upo. Lakini leo waziri anakuja, na watu wa televisheni wapo. Nakuomba sana, kwa leo tu, tusifanye."

Bi Esnati hakubishana. Mtani hagombei mlango. Ruhusa yake huzaliwa nayo, na ikikataliwa hana pa kuishtakia. Akarudi nyumbani, akavua glavu, akakaa kizingitini. Alitaka kulia, akajizuia. Mtani haruhusiwi kumlilia mtani wake, naye hakuwa na hakika kama katazo hilo linafika hadi kizingitini kwake. Tarumbeta zilisikika hadi pale alipokuwa. Zilikuwa zikimsifu Kabaso, na hapakuwa na mtu wa kuzipinga.

Hotuba zilipokwisha, jeneza likapakiwa garini. Dereva akawasha. Hapo Mzee Kapambwe, kaka mkubwa wa marehemu, akakataa kupanda.

"Nani anatuzuia njia?" akauliza.

"Hakuna, mzee," akasema Bwana Habeenzu kwa fahari kidogo. "Polisi wameisafisha barabara mpaka makaburini."

"Basi ndiyo shida yenyewe. Tutamtoaje ndugu yetu nyumbani na hakuna hata mmoja anayemzuia? Kwani tunatupa taka?"

"Mzee, waziri anasubiri."

"Kabila gani huyo waziri? Anaweza kutuzuia yeye?"

Ikaulizwa. Waziri alikuwa Mlozi, na Mlozi si mtani wa Mbemba. Haikusaidia kitu.

Dereva akazima gari. Bwana Habeenzu akaenda mwenyewe, tena kwa miguu, maana polisi aliowaagiza hawakuruhusu gari lolote kupita. Alimkuta Bi Esnati palepale kizingitini.

"Mama, tunakuomba uje utuzuie."

"Si nyie mlionizuia mimi?"

"Ni kweli. Nimekosa, mama. Nisamehe."

Bi Esnati akamtazama kuanzia kichwani hadi chini. "Viatu hivyo ngozi?"

"Ndiyo, mama."

"Vua."

Mwenyekiti wa kamati akarudi msibani akiwa na soksi tu, nyuma ya mwanamke mwenye glavu za gunia aliyevaa viatu vyake. Mlinzi aliwafungulia geti bila kuuliza. Bi Esnati akalala kifudifudi barabarani mbele ya gari, akapiga lami kwa ngumi zote mbili.

"Kabaso! Toka humo, mvivu we! Unajificha sandukuni unaogopa mwanamke? Mkanda wenyewe uliuiba, nani hajui? Wale wazungu waliiona sura yako wakaanguka wenyewe! Toka! Na mlivyomvalisha suti, mnamdanganya nani? Huko aendako watamwuliza kamwibia nani!"

Waombolezaji wa Kibemba wakaanza kumrudishia matusi. Waziri akaangalia chini, mabega yakitikisika. Bi Bwalya, mjane, ambaye tangu aliporudi kutoka hospitali alikofia mumewe hakukubali kuweka chochote kinywani, aliguna, akajaribu kujizuia kwa kitambaa, akacheka hadi akashikiliwa. Kisha akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na alipomaliza akaomba maji.

"Tukupe nini utuachie njia, mla panya?" akauliza Mzee Kapambwe.

"Mchukueni tu. Simtaki hata bure. Anakula sana."

Akainuka, akajikung'uta vumbi. Gari likapita.

Makaburini hakwenda, kwa sababu vyombo vya msiba huoshwa na watani. Jioni, watu waliporudi, alikuwa uani ameinamia sufuria kubwa iliyoungua chini. Bi Bwalya akaja na sahani ya nshima na mboga, akageuza ndoo, akakaa kando yake.

"Nokauti, unalia?"

"Majivu haya, yananiingia machoni."

Mjane akachungulia. Sufuria ilikuwa ikisuguliwa kwa mchanga. Akamega tonge, akalichovya, akala, akamega jingine. Bi Esnati akasugua hadi ukoko wa mwisho ukatoka, akasuuza mara mbili, akamwaga maji kando ya ukuta, akaifudikiza sufuria juu ya kichanja ikauke.